Habari za Joe Louis, Bingwa wa Ngumi wa Dunia

Napenda kuwasimulia ndugu zangu, wazee kwa vijana, habari za mtu mmoja ambaye jina lake lilienea duniani katika zama za babu zetu. Mtu huyu hakuwa wa nchi yetu wala hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Mmarekani mweusi, wa ukoo uliotoka utumwani, naye aliitwa Joe Louis. Nimemchagua yeye kwa sababu vijana wengi wa jumuiya yetu wanapenda michezo, na wapo wanaotumaini kwamba mikono yao au miguu yao itawapatia riziki. Hilo si neno baya, kwani riziki hutafutwa. Lakini ni vema mwenye kuianza safari amjue mtu aliyefika mwisho wake, ajue alichokipata njiani, alichokipoteza, na kile alichobaki nacho.

Joe Louis alizaliwa tarehe 13 Mei, 1914, karibu na mji mdogo wa LaFayette katika jimbo la Alabama, kusini ya Marekani. Jina lake kamili lilikuwa Joseph Louis Barrow, naye alikuwa mtoto wa saba katika watoto wanane. Wazazi wake walikuwa wana wa watu waliopata kuwa watumwa, nao walilima pamba katika ardhi isiyokuwa yao, wakigawana mavuno na mwenye shamba. Joe alipokuwa na umri wa miaka miwili, baba yake, Munroe Barrow, alishikwa na maradhi ya akili akapelekwa hospitali, wala hakurudi tena nyumbani. Mama yake, Lillie, aliletewa habari kwamba mumewe amekwisha kufa, akaolewa na mwanamume mwingine aliyeitwa Pat Brooks. Habari ile haikuwa ya kweli. Munroe aliishi hata mwaka 1938, wakati mwanawe amekwisha kuwa bingwa wa dunia.

Mwaka 1926 jamaa ile ilihama kusini, kama walivyohama watu weusi wengi sana siku zile, ikaenda Detroit, mji wa viwanda vya motokaa. Pat Brooks alipata kazi, na Joe akatiwa katika skuli ya ufundi ajifunze useremala wa makabati. Baadaye ikaja ile shida kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Viwanda vikapunguza watu, na nyumba ya akina Joe, kama nyumba nyingi, ikaishi kwa msaada wa fedha za serikali ya mji. Mama yake, aliyemtakia kazi ya heshima, alikuwa akimpa fedha kidogo ili afundishwe kupiga fidla. Husimuliwa kwamba kijana alizichukua fedha zile akalipia mahali pa kuwekea nguo zake katika chumba cha mazoezi ya ngumi pale Brewster. Fidla ikaachwa, na mama alipojua, hakumzuia. Alimtaka tu kwamba akishaichagua kazi, basi aifanye kwa moyo wote.

Mwanzo wake haukuwa mwema. Mwaka 1932 alipigana kwa mara ya kwanza katika ngumi za ridhaa, akakutana na Johnny Miler, mtu mzoefu aliyechaguliwa mwaka ule ule kwenda katika michezo ya Olimpiki. Miler alimwangusha Joe mara kwa mara hata akamshinda kwa pointi. Tuzo aliyorudi nayo nyumbani ilikuwa hati ya kununulia vitu dukani, ya thamani ya dola 7. Kwa muda akaziacha ngumi, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha Ford. Lakini moyo haukutulia, akarudi. Mwaka 1934 alishinda mashindano makubwa ya Golden Gloves mjini Chicago, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo akawa bingwa wa taifa wa ngumi za ridhaa katika uzito wa pili kutoka juu. Katika mapigano 54 ya ridhaa alishinda 50, na katika hayo 50, mapigano 43 aliyamaliza kwa kumwangusha mwenzake.

Hapa ndipo alipoingia katika ngumi za kulipwa, na yafaa tueleze ni mlango gani alioingilia. Siku zile mtu mweusi aliweza kushinda kila mtu na bado asipewe nafasi ya kupigania ubingwa wa uzito wa juu. Bingwa mweusi wa kwanza, Jack Johnson, aliushika ubingwa tangu 1908 hata 1915, na kwa kuwa aliwadhihaki waziwazi aliowashinda na akaoa wanawake weupe, Wamarekani weupe walimchukia kwa chuki kubwa. Baada yake mlango ukafungwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuupigania ubingwa ule.

Mameneja wa Joe, John Roxborough wa Detroit na Julian Black wa Chicago, wote wawili watu weusi, waliyajua hayo. Walimpa mwalimu, mzee Jack Blackburn, naye mweusi, aliyekuwa mpiganaji hodari katika ujana wake. Blackburn alimfundisha kusimama sawasawa, kusogea hatua fupi fupi, na kutupa ngumi nyingi kwa mfululizo bila ya kupoteza mizani. Tena wakamwekea masharti ya mwenendo. Asipigwe picha pamoja na mwanamke mweupe. Asijisifu, wala asimcheke mtu aliyelala chini. Asikubali kamwe pigano lililopangwa mshindi. Masharti mengine yalikuwa ya dhulma, kwani hakuwekewa bondia mweupe hata mmoja; lakini lile la kutomdharau aliyeanguka Joe alilichukua likawa tabia yake, na tutaona baadaye jinsi lilivyomfaa.

Tarehe 4 Julai, 1934, mjini Chicago, alipigana pigano lake la kwanza la kulipwa, akamwangusha Jack Kracken katika raundi ya kwanza, akalipwa dola 59. Mwaka mmoja haujatimia, tayari alikuwa akijaza viwanja vya New York. Tarehe 25 Juni, 1935, alikutana na Primo Carnera, Mtaliana, jitu la ratili zaidi ya 250 lililokwisha kuwa bingwa wa dunia. Wakati huo Mussolini alikuwa akikusanya majeshi yake ili aivamie Uhabeshi, na kila mtu mweusi aliyesoma gazeti alilijua hilo. Watu wapatao 60,000 waliingia Yankee Stadium. Joe alimwangusha Carnera katika raundi ya sita. Pigano lile halikuuokoa Uhabeshi, kwani Wataliana waliingia tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule. Lakini watu waliokuwa hawana la kufanya walifurahi kuona kwamba jitu linaweza kuanguka. Mwezi wa Septemba akamshinda na Max Baer, bingwa mwingine wa zamani, na siku hiyo hiyo, kabla ya kupanda ulingoni, alifunga ndoa na Marva Trotter.

Mafanikio ya haraka yana maradhi yake. Mwaka 1936 alipangiwa kupigana na Max Schmeling, Mjerumani wa miaka 30, ambaye wengi walimwona amekwisha. Joe alipunguza mazoezi, akawa akicheza gofu. Schmeling kwa upande wake alitazama sinema za mapigano ya Joe kwa makini hata akaona kosa moja: kila Joe alipotupa ngumi ya kushoto, mkono ule ulirudi chini, ukaliacha shavu wazi. Tarehe 19 Juni, 1936, Schmeling alipita katika mwanya ule usiku mzima kwa mkono wake wa kulia, na katika raundi ya 12 Joe akalala chini, asiweze kuinuka kabla ya hesabu kwisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa katika ngumi za kulipwa. Mitaani Harlem watu wazima walilia.

Joe hakutoa udhuru. Alirudi kwa Blackburn, akalirekebisha kosa lake, akapigana tena na tena. Tarehe 22 Juni, 1937, mjini Chicago, alipewa nafasi ya kupigania ubingwa na James Braddock. Raundi ya kwanza yeye mwenyewe aliangushwa, akainuka, na katika raundi ya nane akamwangusha Braddock moja kwa moja. Hivyo mlango uliofungwa tangu 1915 ukafunguliwa na kijana wa miaka 23.

Hata hivyo hakujiona kuwa bingwa wa kweli mpaka akutane tena na Schmeling. Walikutana Yankee Stadium tarehe 22 Juni, 1938, mbele ya watu zaidi ya 70,000, na mamilioni wengine wakisikiliza katika redio. Serikali ya Hitler ilikuwa imemfanya Schmeling kielelezo cha madai yake kwamba kuna taifa la watu lililoumbwa bora kuliko mengine. Schmeling mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama kile, na meneja wake wa Marekani alikuwa Myahudi. Lakini usiku ule hakuna aliyetazama hayo. Watu weusi na weupe wa Marekani, pengine kwa mara ya kwanza, walimwombea mtu mmoja. Pigano lilidumu dakika 2 na sekunde 4. Schmeling aliangushwa mara tatu, na wasaidizi wake wakatupa taulo. Alipelekwa hospitali akiwa amevunjika mifupa ya mgongoni, na Joe hakusema neno la kumtukana.

Aliushika ubingwa karibu miaka 12, akautetea mara 25, jambo ambalo bingwa wa uzito wa juu kabla yake hakulifanya. Fedha ziliingia kwa wingi, na zilitoka kwa wingi. Alipoanza tu kupata, alirudisha kwa mji wa Detroit fedha zote za msaada ambazo jamaa yake ilipewa katika siku za shida. Hili ni jambo la kumsifia mtu, kwani hakuna aliyemdai. Alimnunulia mama yake nyumba, akawasaidia ndugu na marafiki, akawapa waliomwomba na wasiomwomba, akaingia katika biashara za watu wengi aliowaamini. Lakini hakuwa na daftari. Hesabu zake zilishikwa na wengine, na hao wengine walichukua mafungu yao kwanza. Katika mapigano yake yote fedha zilizolipwa zilipita dola 4,600,000, na zilizomfikia yeye zilikadiriwa kuwa dola 800,000 tu. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakukosea.

Vita vilipoifikia Marekani mwishoni mwa 1941, Joe alifanya jambo ambalo halijasahauliwa. Tarehe 9 Januari, 1942, aliuhatarisha ubingwa wake mbele ya Buddy Baer, akashinda, na pato lake, lipatalo dola 47,000, akalitoa lote kwa mfuko wa kuwasaidia jamaa za mabaharia wa vita. Siku iliyofuata akajiandikisha jeshini kama askari wa kawaida. Mwezi wa Machi akapigana na Abe Simon, na pato lake la dola 36,000 na zaidi akalitoa kwa mfuko wa askari wa nchi kavu. Jeshi la wanamaji ambalo jamaa zake alizisaidia lilikuwa likiwapokea watu weusi kwa kazi za jikoni na mezani tu.

Jeshini alipigana mapigano ya maonyesho yapatayo 96 mbele ya askari kama milioni mbili. Alitumia jina lake kuwasaidia wenziwe: katika kambi ya Fort Riley, askari weusi waliostahili kusomea uofisa walikuwa hawapokewi, na Joe akapeleka habari hiyo kwa wakubwa aliowajua Washington, wakapokewa. Mmoja wao alikuwa Jackie Robinson, aliyekuja kuwa mashuhuri katika mchezo wa besiboli. Na katika Alabama, jimbo alilozaliwa, bingwa huyu wa dunia akiwa amevaa sare ya nchi yake alikamatwa na polisi wa jeshi kwenye kituo cha mabasi, kwa sababu alipiga simu mahali palipotengwa kwa watu weupe.

Mwaka 1945 vita vilikwisha, akatoka jeshini na nishani, na pamoja na nishani yakamtokea madeni. Idara ya kodi ya mapato ilimhesabia fedha zote alizopata, na hata zile alizozitoa kwa mifuko ya jeshi zilihesabiwa kuwa ni pato lake, akadaiwa kodi juu yake. Viwango vya kodi vya wakati ule kwa wenye mapato makubwa vilikuwa vizito mno. Washauri wake walikuwa hawakulipa ilivyopasa, na yeye hakuwahi kuuliza. Baada ya kumshinda Jersey Joe Walcott mara ya pili mwaka 1948, alitangaza tarehe 1 Machi, 1949, kwamba ameziacha ngumi, akiwa bado bingwa. Ingekuwa vema habari zake za ulingoni zikome hapo. Lakini mwaka 1950 deni lilikuwa limepita dola 500,000, na riba iliongezeka kila mwaka hata likapita milioni moja. Mwenye deni hachagui.

Akarudi ulingoni akiwa na miaka 36. Tarehe 27 Septemba, 1950, Ezzard Charles alimshinda kwa pointi katika raundi 15. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Oktoba, alipigana na kijana mwenye nguvu, Rocky Marciano. Katika raundi ya nane Joe alitupwa nje ya kamba, akalala kando ya ulingo, na kipara chake kikaonekana chini ya taa. Marciano, ambaye tangu utotoni alimpenda Joe, alimwendea chumbani baada ya pigano akalia. Sehemu kubwa ya fedha za usiku ule zilikuwa zimekwisha kuwa na mwenyewe.

Hata hayo hayakulimaliza deni. Mwaka 1953 mama yake alifariki, akamwachia urithi wa dola 667, na idara ya kodi ikauchukua. Mwaka 1956 bingwa aliyeogopwa na dunia alionekana akicheza mieleka ya kuburudisha watu kwa ajili ya kupata chochote, mpaka aliumizwa kifuani akakatazwa na madaktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilikubali kumtoza kodi ya pato lake la kila mwaka tu, kwa kuwa iliona lile la zamani halilipiki. Baadaye aliingia katika madawa ya kulevya, na mwaka 1970 jamaa zake walilazimika kumpeleka hospitali ya magonjwa ya akili, kwa kuwa alikuwa akiona maadui wasiokuwapo. Ni kama njia ile ile aliyopita baba yake. Alipopata nafuu alipewa kazi katika hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas, ya kuwalaki wageni na kushikana nao mikono.

Sasa nirudi kwa Max Schmeling. Baada ya pigano la 1938 Hitler hakumtaka tena. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Mayahudi waliposhambuliwa katika Ujerumani nzima, Schmeling aliwaficha watoto wawili wa Kiyahudi chumbani mwake hotelini, wakaokoka. Baada ya vita alianza biashara ya vinywaji akatajirika. Mwaka 1954 alisafiri hadi Chicago akamtafuta Joe. Watu wawili waliowahi kusimamishwa kama alama za mataifa yenye uadui walikaa pamoja wakazungumza, na tangu siku hiyo wakawa marafiki. Kila walipokutana, Schmeling alimsaidia kwa fedha bila ya kumtangaza. Ninaamini ya kuwa mambo hayo yasingekuwa kama Joe angemcheka siku ile alipokuwa chini.

Joe Louis alifariki tarehe 12 Aprili, 1981, mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 66, akiwa amekwisha kaa miaka kadhaa katika kiti cha magurudumu. Kwa idhini ya Rais Reagan alizikwa Arlington, makaburi ya mashujaa wa Marekani, na Schmeling alisaidia gharama za mazishi. Schmeling mwenyewe aliishi hata mwaka 2005. Mjini Detroit tangu 1986 kumesimamishwa sanamu kubwa ya shaba ya mkono wa Joe, kiganja kimefumbwa. Wenye kuifanya walikusudia kukumbuka nguvu zake. Lakini mimi ninayesoma habari zake naona kwamba mkono ule ulipokuwa hai, nje ya ulingo, haukuwahi kufumbwa.

Ndugu zangu vijana, kutoa ni kwema, wala sikuandika haya ili nimlaumu mtu kwa ukarimu. Joe hakuharibiwa na kutoa. Aliharibiwa na kutojua alicho nacho, anachodaiwa, na nani anayemshikia. Anayepata fedha kwa jasho lake na aandike, aulize, asaini alichokisoma, na alipe haki ya watu kabla ya kugawa kilichobaki. Hayo yangemwokoa Joe Louis na miaka 20 ya fedheha. Na anayeshinda na amstahi aliyeshindwa, kwani ubingwa wa Joe ulichukuliwa na vijana, na mali yake ikachukuliwa na wadai, lakini adabu yake kwa adui haikuweza kuchukuliwa na mtu. Hiyo ndiyo iliyorudi kumtazama alipokuwa mgonjwa, na ndiyo iliyosimama naye siku ya kuzikwa kwake.